Mwitaji wa dansi ya skwea hakariri dansi nzima

Wengi wanaotazama dansi ya skwea ya Marekani hudhani mwitaji, yaani anayewatangazia wachezaji hatua, amekariri mfuatano mzima wa miito, na wachezaji nao wanaujua. Sivyo. Wachezaji hujua mwito mmoja mmoja. Mfuatano mara nyingi hutungwa papo hapo.

Skwea ina watu 8, yaani jozi 4. Mwitaji huchagua jozi 2 zilizo jirani, tuseme ya 1 na ya 2, akakariri nyuso au nguo zao, kisha huwachanganya wote 8 apendavyo. Akitaka kuwarejesha, huita mpaka wenzi wa jozi ya 1 wakutane, halafu wa jozi ya 2. Kwa kawaida miito husogeza pande mbili zinazokabiliana kwa namna moja, hivyo jozi ya 3 na ya 4 hujipanga zenyewe.

Kosa kubwa huja hapa: wenzi wameungana lakini mpangilio wa jozi kuizunguka skwea umegeuka. Akiwaita wachezaji wawape kona zao (jirani wa upande wa pili asiye mwenzi) mkono wa kushoto kabla ya kukagua hilo, kila mtu humkuta asiye wake. Na kwa kuwa jozi anayoitegemea inaweza kupotea katikati ya mwito, mwitaji makini hukariri pia jozi za skwea ya pili, yaani kundi jingine la watu 8 linalocheza hapo.