Kilo 23 si za kila ndege

Hapa Lamu, wengi wanaosafiri kwenda Maasai Mara huamini kwamba tiketi ya ndege kubwa ikiruhusu kilo 23, basi kilo hizo zitakubalika hadi mbugani. Si kweli. Ndege ndogo za mbugani, mfano wa Cessna Caravan, kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, na mkoba wa mkononi unahesabiwa humo humo.

"Si nitalipia ziada?" Wakati mwingine nafasi hupatikana kwa malipo, lakini pesa haipunguzi uzito. Caravan ina injini moja. Viwanja vya Mara viko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na vingi ni vya changarawe. Jua likipanda hewa huwa nyepesi, na ndege iliyolemewa huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae.

Umbo la mzigo nalo lina neno. Uwanjani Manda nimeona sanduku gumu la magurudumu likilazwa ubavu, likasimamishwa, likarudishwa chini: mlango wa shehena, chini ya tumbo la ndege, ni mfupi. Mwenyewe, mama wa makamo, akachutama sakafuni akihamishia kanga zake kwenye begi la kuazima. Niliumia kumtazama. Begi la kitambaa hubonyezwa likaingia.

Basi chukua nguo chache, kambi nyingi hufua. Nyeusi na za buluu iliyokolea ziache, huvutia mbung'o. Na mavazi ya madoa ya kijeshi raia haruhusiwi kuyavaa Kenya.