Maana ya Kufumua Mwanasesere

Kufumua mwanasesere ni kazi ya kumtenganisha mwanasesere wa mitindo sehemu moja baada ya nyingine, yaani kichwa, nywele, mikono, miguu na wakati mwingine hata kiwiliwili, kwa nia ya kumtengeneza upya awe na sura, nywele au umbo tofauti na alivyotoka kiwandani. Kazi hii hufanywa zaidi na wakusanyaji wa wanasesere, watu wazima wanaowatunza kabatini kama wengine wanavyotunza stempu au sarafu za zamani, na ina taratibu zake, vifaa vyake na makosa yake yanayojulikana.

Neno kufumua nimelichagua kwa makusudi. Hapa Mtwara mtoto akimwona mtu mzima anamng'oa mdoli kichwa husema papo hapo kwamba anamvunja. Lakini wasusi wa Chikongola hawasemi kwamba wanavunja nywele za mteja. Husema wanazifumua, kwa sababu kichwa hicho kitasukwa tena kabla ya jua kuzama. Vivyo hivyo fundi cherehani anayepunguza gauni la mtumba huanza kwa kufumua mshono, na hakuna anayemlaumu kwamba ameharibu gauni. Kinachofumuliwa ni kile kinachotazamiwa kurudi, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo mpaka kati ya kumfumua mwanasesere na kumvunja: kabla ya kugusa sehemu yoyote, mtu ajiulize kama sehemu hiyo itaweza kurudi mahali pake.

Mwanasesere wa mitindo ni yule aliyeumbwa kama mtu mzima au kijana ili avalishwe na kubadilishiwa nguo, tofauti na mdoli wa kitoto anayebebwa mgongoni. Anayejulikana kuliko wote ni Barbie, aliyetolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1959, mwenye urefu wa sentimita 29 hivi, ambao ni takriban sehemu moja ya sita ya kimo cha binadamu. Baada yake wamekuja wengi, wakiwemo Blythe wa mwaka 1972 mwenye kichwa kikubwa na macho yanayobadilika rangi, na Monster High walioanza mwaka 2010, ambao mikono yao iliundwa tangu mwanzo iweze kuchomolewa. Kwa mfumuaji, tofauti kati yao haiko kwenye majina bali kwenye jinsi walivyounganishwa. Wapo walioshikwa kwa kifundo kilichosukumwa ndani ya tundu, wapo walioshikwa kwa skrubu, na wapo walioshikwa kwa lastiki iliyopita ndani ya mwili mzima.

Kundi la kwanza ndilo kubwa, na shida yake yote iko shingoni. Kichwa cha Barbie na wenzake wengi ni cha vinaili laini, yaani plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi, ilhali shingo ni ya plastiki ngumu, nayo huishia kwa kifundo kilicho kipana kuliko tundu la kichwa. Katika baadhi ya wanasesere kifundo hicho kina umbo la mpira mdogo, na katika wengine kina mabawa mawili yaliyochongoka kama nanga, ambayo huingia kwa urahisi lakini hayataki kutoka. Kiwandani kichwa husukumwa kikapita, kisha vinaili hujirudi na kukikumbatia kifundo. Anayetaka kukitoa hana budi kukirudishia kichwa ule ulaini, na ulaini huo hupatikana kwa joto. Maji ya moto yaliyomiminwa kutoka kwenye chupa ya chai hadi kwenye bakuli, kichwa kikazamishwa mpaka shingoni kwa dakika mbili tatu, yanatosha kabisa. Draya ya saluni nayo inafaa, mradi isisogezwe karibu mno. Kichwa kikishakuwa laini kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba, hukamatwa chini ya taya, hulazwa upande mmoja, na ukingo wa tundu huvutwa taratibu mpaka bawa moja lichomoze. La pili hufuata bila ubishi.

Mtu wa mikoa hii ataelewa haraka akifikiria kubangua korosho. Ganda hupata moto kwanza, ndipo linapopasuliwa, na ustadi wote uko katika kupima nguvu ili punje itoke nzima, kwa kuwa punje nzima ina bei yake na iliyovunjika ina bei nyingine. Mimi mwenyewe sikuifuata hekima hiyo nilipoanza. Mwanasesere wangu wa kwanza, niliyemwokota kwenye rundo la vitu vya mtumba, nilimvuta kichwa kikiwa baridi, nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, na nilipotazama nikakuta nusu ya kifundo imebaki ndani ya kichwa na nusu nyingine iko shingoni. Nilitoboa shingo kwa msumari uliopashwa moto, nikaingiza skrubu fupi, nikaishikiza kwa gundi ya epoksi. Kichwa kilikaa, lakini hakikugeuka tena kushoto wala kulia, na mpaka leo anatazama mbele tu kama askari wa gwaride.

Kichwa kikishatoka, ndipo kazi ya nywele inapoanza, na hii ndiyo inayokula muda kuliko zote. Nywele za wanasesere wa aina hii hushonwa kwa mashine kupita kwenye vitundu vilivyopangwa kwa mistari juu ya fuvu, kila kitundu kikiwa na kishungi chake, na kwa ndani hushikwa kwa mshono au kwa gundi. Gundi hiyo ni adui anayefahamika: kwa baadhi ya wanasesere hupenya polepole kupitia vitundu na kuzifanya nywele zinate, hata zioshwe mara ngapi. Mfumuaji hukata nywele karibu kabisa na fuvu, hupasha kichwa joto, kisha huingiza kibano kirefu chenye ncha nyembamba kupitia tundu la shingo na kuvuta mabaki kutoka ndani, kishungi baada ya kishungi, pamoja na vipande vya gundi. Akiyavuta kwa nje, vitundu hupanuka au huchanika na kuungana, na kitundu kilichochanika hakirudi.

Baada ya hapo hupandikizwa nywele mpya. Wauzaji wa vifaa vya wanasesere huuza nyuzi za nailoni na za sarani, lakini kwa anayeishi Mtwara au Lindi nyenzo iliyo karibu zaidi inaning'inia dukani kwa wasusi. Rasta nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za jamii ya Kanekalon, zilizobuniwa na kampuni ya Kaneka ya Japani, na nyuzi za jina hilohilo hutumiwa pia na watengenezaji wa wanasesere. Sindano yenye jicho pana hupitishwa na kishungi kidogo cha rasta kutoka ndani au nje ya kitundu, hufungwa fundo au hubanwa kwa gundi kwa ndani, na mwenye kazi husogea kitundu kinachofuata. Tahadhari ni moja: si kila rasta inastahimili joto sawasawa. Msusi huchovya ncha za nywele kwenye maji ya moto ili zisifumuke, lakini kuna nyuzi ambazo maji yaleyale huzikunjamanisha vibaya zikawa kama katani, kwa hiyo ni vyema kujaribu uzi mmoja kwanza.

Nafasi kati ya vitundu nayo ina neno lake. Jirani yangu msusi alikishika kichwa nilichokuwa nimekimaliza kwa fahari, akakigeuzageuza, akasema, "Kaka, mistari yako iko mbalimbali mno, ndiyo maana huyu anaonekana ana uwaraza." Alikuwa sahihi. Mwanasesere anayetazamiwa kusukwa twende kilioni huhitaji mistari iliyonyooka na vitundu vya karibu pale panapopita njia, ambapo yule wa nywele za kuachia anaweza kuwa na vitundu vichache zaidi utosini. Tena, wengi huingia katika kazi hii kwa sababu ya nywele hasa. Mwanasesere Mweusi wa kwanza kuuzwa kwa jina lenyewe la Barbie alitolewa mwaka 1980, miaka 21 baada ya yule wa kwanza, na hata leo ni rahisi zaidi kumpata mwenye nywele ndefu za kuteleza kuliko mwenye kipilipili. Mtu anayetaka kipilipili hulazimika kumfumua na kumpandikiza nyuzi za sweta zilizochambuliwa na kuchanwa.

Wazo la kuumba uso na kuuvika nywele si geni kwa watu wa kusini, maana mapiko, yale mavazi ya kichwa ya ngoma ya Wamakonde yaliyochongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi yamekuwa yakibandikwa nywele halisi za binadamu.

Uso una habari fupi lakini nzito. Rangi ya macho na midomo kwenye kichwa cha vinaili hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa asetoni, ileile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa kugusa na kuondoa haraka. Uso uliofutwa haurudi kama ulivyokuwa. Hapo mtu ametoka kwenye kufumua na kuingia kwenye kuchora, na inafaa alijue hilo kabla ya kufungua chupa. Asetoni isiguse kiwiliwili cha plastiki ngumu, kwa sababu huyeyusha plastiki ngumu ya aina ya ABS na kuacha alama ya utelezi isiyofutika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoa kichwa kwanza. Kazi hii ifanywe barazani au dirishani, kwa kuwa mvuke wake si mzuri kwa kifua.

Makundi mawili yaliyobaki yana ufumuaji wa namna nyingine. Blythe hufunguliwa kwa bisibisi: fuvu lake limegawanyika mbele na nyuma, na ndani mwake kuna mtambo mdogo unaozungusha macho kila uzi wa kisogoni unapovutwa. Toleo la mwaka 1972 la kampuni ya Kenner liliuzwa muda mfupi tu Marekani, ndiyo maana lina thamani kubwa, na wafumuaji wenye busara hutumia yale yaliyoanza kutolewa upya mwaka 2001. Wanasesere wa viungo vya mviringo, kama Super Dollfie walioanza kuuzwa na kampuni ya Volks ya Japani mwaka 1999, hushikwa na lastiki nene iliyofungwa kwa vikulabu vya chuma. Hawa ndio rahisi kuliko wote kuwarudisha, kwa sababu waliundwa wafumuliwe: lastiki ikilegea hubadilishwa, mwanasesere akasimama tena. Hatari ni kuachia kikulabu ghafla, kwani lastiki iliyovutwa hurudi kwa kishindo na kuweza kumega ukingo wa kiungo.

Chuma hicho kinahitaji uangalizi wa pekee katika miji kama Lindi, Mikindani na Kilwa, ambako upepo wa chumvi hula hata bawaba za madirisha. Kikulabu chenye kutu huacha doa la kahawia kwenye mwili mweupe, na doa hilo huingia ndani. Wakusanyaji wa Barbie wa miaka ya 1960 wana tatizo la jamii hiyohiyo, ambapo shaba ya hereni imegeuza vinaili ya masikioni kuwa kijani. Unyevu pia huiharibu vanishi ya kupuliza inayokinga uso uliopakwa rangi: ikipulizwa hewa ikiwa nzito, hukauka na utando mweupe kama ukungu. Kwa kuwa mvua za huku hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, mimi hupuliza vanishi kati ya Juni na Septemba, saa nne au saa tano asubuhi umande ukishakauka, na mahali palipokingwa na kusi ili vumbi lisibandike usoni.

Lipo pia suala la thamani, na hapa wakusanyaji hawapatani. Mwanasesere ambaye hajawahi kutolewa kwenye boksi lake ndiye mwenye bei ya juu, na kwa mkusanyaji wa aina hiyo kumfumua ni hasara tupu. Wengine humthamini mwanasesere aliyetengenezwa upya kwa mkono kwa sababu hakuna wa pili kama yeye. Maoni yangu ni kwamba mjadala huu hauna uzito kwa wanasesere wa kawaida waliotengenezwa kwa wingi, hasa wale wanaofika wakiwa wamekatwa nywele na kuchorwa kalamu mashavuni; lakini mwanasesere wa zamani aliye mzima asifumuliwe na mtu anayejifunza.

Kurudisha kichwa hufuata njia ileile kinyumenyume. Kichwa hupashwa moto tena, kifundo huelekezwa kwenye tundu, na kichwa husukumwa kwa mkao wa kuinama kidogo mpaka kisikike kimeingia, kisha hugeuzwa kushoto na kulia kuthibitisha kwamba hakikukaa juujuu. Kabla ya hatua hiyo, hata hivyo, kichwa kilichozamishwa majini huachwa siku mbili tundu likitazama chini juu ya kitambaa kikavu, maana maji yakifungiwa humo pamoja na joto la pwani, huota ukungu mweusi unaoonekana kupitia vitundu vya nywele, na mwanasesere atalazimika kufumuliwa upya.