Je, Uskoti ikijitenga itanyang'anywa pauni?

Kabla ya kura ya maoni ya Septemba 2014, ambapo 55% walikataa uhuru, wengi waliamini London ingeweza kuipiga Uskoti marufuku kutumia pauni. Si kweli. Alichokataa George Osborne, waziri wa fedha wa Uingereza wakati huo, ni muungano wa sarafu, yaani kutumia benki kuu moja kwa pamoja. Kuitumia tu pauni hakuombewi ruhusa: Panama imetumia dola ya Marekani tangu 1904, na Montenegro hutumia yuro ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya.

Kasheshe iko kwingine, na mimi naiona kubwa zaidi. Riba ingeendelea kupangwa London kwa kutazama uchumi wa wengine. Na benki za Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, zikiyumba bila benki kuu nyuma yake, nani angezikopesha usiku huohuo?