Vitabu vya Queen: kurasa mbili ninazozifungua kwanza

Watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kurekodi muziki, na kwamba Queen, bendi ya roki ya Uingereza, naipenda kupita kiasi, hatimaye huniuliza waanze na kitabu gani. Vitabu hivyo nimevisoma kwa miaka mingi, vingi vikiwa vya mitumba vilivyotandazwa kandokando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi, na nimejiwekea utaratibu ambao haujanihadaa bado: kabla ya kuuliza bei nachuchumaa, nafungua ukurasa unaozungumzia Zanzibar, kisha ule unaozungumzia utepe waliourekodia wimbo wao "Bohemian Rhapsody". Mwandishi aliyezembea katika kurasa hizo mbili huwa amezembea kwingine pia, ila huko kwingine mimi sina ujuzi wa kumkamata.

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari, familia ikahamia Uingereza. Mambo haya ni machache na hayana utata, lakini wapo waandishi wanaoyapita kwa sentensi mbili za karafuu na machweo ya jua, kana kwamba mtoto huyo alilelewa ndani ya kadi ya posta. Kwa msomaji wa huku kwetu jambo hili lina uzito, kwa sababu "Bismillah" inapoimbwa katikati ya "Bohemian Rhapsody", wimbo wa roki, hahitaji kutafsiriwa. Anachotaka kujua ni mwimbaji alitoka katika mazingira gani. Mercury hakuwahi kuufafanua wimbo ule, wala hakupenda kuzungumzia utoto wake hadharani, kwa hiyo mwandishi mwaminifu hueleza familia, shule na dini, kisha akaishia hapo. (Na wenzetu wanaomwita Mswahili kindakindaki nao wapunguze kidogo.) Katika ukurasa huu namweka mbele Lesley-Ann Jones, mwanahabari aliyeifahamu bendi hiyo miaka ya 1980 na ambaye wasifu wake wa Mercury ulitoka mwaka 1997, ukaja kurekebishwa baadaye. Simulizi lake lina hisia nyingi kuliko ninavyopenda, lakini Zanzibar kwake ni mahali wanapoishi watu.

Ukurasa wa pili ndio wa fani yangu. Kazi ya kurekodi "Bohemian Rhapsody" ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, mtayarishaji akiwa Roy Thomas Baker, na ikaendelea katika studio nyingine kadhaa. Vitabu karibu vyote vitakuambia kwamba sehemu yake ya katikati, inayoimbwa kama opera, ina tabaka za sauti zipatazo 180. Hesabu hiyo peke yake ni sawa na kutajiwa ukubwa wa sufuria bila kuambiwa kilichopikwa. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwamba utepe wao ulikuwa na njia 24 tu, yaani nafasi 24 za kurekodi sauti kila moja peke yake: Mercury, mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliimba, wakarudia, wakaimba tena, na njia zilipojaa zilichanganywa zikawa moja au mbili, ili zile nyingine ziachwe wazi kwa sauti mpya. Kila sauti inapohamishwa hivyo, mchakacho wa utepe unaongezeka. Na kila utepe unapopita kwenye vichwa vya mashine, unapoteza chembechembe za ile dawa ya sumaku iliyopakwa juu yake, ndiyo maana wahusika husimulia kwamba mwishowe waliuinua kwenye mwanga wakaona upande wa pili. Kijana anayejifunza kazi kwangu, ambaye kompyuta humpa njia asizoweza kuzimaliza, aliniuliza, "Mwalimu, na wakikosea?" Nikamwambia kwamba siku zile ukishachanganya umechanganya, kurudi nyuma hakuna. Alikaa kimya, kisha akaomba wimbo uchezwe upya tangu mwanzo.

Kinachofaulu kurasa zote mbili ni "Is This the Real Life?" cha Mark Blake, cha mwaka 2010, na ndicho ninachowapa wanaoanza. "Queen: Complete Works" cha Georg Purvis, kilichotoka mwaka 2007 na kuhaririwa upya zaidi ya mara moja, hakisomwi kwa mfululizo, ni kama kamusi, kila wimbo na maelezo yake, na nakala yangu ina alama za vikombe vya chai kwa sababu makazi yake ni juu ya meza ya kuchanganyia sauti. "As It Began" cha Jacky Gunn na Jim Jenkins, cha mwaka 1992, kimeandikwa na watu wa karibu na bendi, na mtu wa nyumbani hasemi mbele ya wageni kwamba chumvi imezidi. "Mercury and Me" cha mwaka 1994 ni kumbukumbu za Jim Hutton, mwenzi wa Mercury hadi Mercury alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Muziki humo ni haba, na sidhani kama kilikusudiwa kuwa na muziki.

Ninachokipenda kuliko vyote si wasifu wa mtu. Ni "Brian May's Red Special" cha mwaka 2014, ambamo May na Simon Bradley wanalifungua gita moja, kipande kwa kipande. May na baba yake walianza kuliunda mwaka 1963 kwa sababu hawakuwa na pesa za kununua gita zuri. Shingo ni mbao ya mhogani iliyotolewa kwenye meko kuukuu, na matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi ni za vali za pikipiki. Alama za shingoni ni vifungo vya nguo vya mama yake. Fundi yeyote wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, angelielewa gita hilo bila mkalimani. Ukimaliza kukisoma, sikiliza wimbo wa Queen "Good Company": zile tarumbeta si tarumbeta, ni gita hilohilo likipita kwenye kikuza sauti kidogo ambacho John Deacon, mpiga besi aliyesomea elektroniki, alikiunda kwa saketi aliyoiokota kwenye taka London.

Kimebaki "Queen in 3-D" cha mwaka 2017, chenye picha pacha ambazo May alizipiga mwenyewe, pamoja na kifaa cha lenzi kinachoziunganisha machoni zikawa picha moja yenye kina. Nakala niliyouziwa haikuwa na kifaa hicho, na muuzaji aliniapia, "Kiko sawa kabisa, mkubwa." Kwa wiki nzima nilikengeza macho juu ya kurasa hizo kila jioni, mpaka usiku mmoja picha ya tatu ikajitokeza katikati ya zile mbili, ngoma zikiwa mbele na mpigaji nyuma yake, nami kichwa kinaniuma. Ukikiona mahali, hakikisha kifaa kimo ndani kabla hujatuma pesa.