Unene Uliokithiri na Kinga ya Mapafu

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalichukuliwa kuwa akiba tu, kama nafaka iliyo ghalani ikisubiri siku ya njaa. Mwaka 1994 watafiti wa New York walioongozwa na Jeffrey Friedman walitambua leptini, homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe, na tangu hapo imezidi kudhihirika kwamba mafuta huzungumza na mwili mzima, yakiwemo mapafu.

Unene huhesabiwa kuwa umekithiri pale ambapo uzito wa mtu kwa kilo, ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita (urefu mara urefu), hufika 30. Kwa mwenye urefu wa mita 1.60, hizo ni kilo 77 hivi. Seli za mafuta zinapotanuka kupita kiasi, baadhi hukosa oksijeni na kufa, na makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vimelea na mabaki ya seli, huja kwa wingi kuzizunguka. Humo hutoa kemikali zinazochochea mcharuko, ule ule unaoleta joto na wekundu kwenye jeraha, ila huu ni wa chinichini na haukomi. Leptini, ambayo huuchochea, huongezeka. Adiponektini, homoni nyingine ya seli za mafuta, ambayo huutuliza, hupungua. Na kwa kuwa damu yote hupita mapafuni kufuata oksijeni, kemikali hizo huyafikia mapafu kila dakika.

Mtu angedhani kinga iliyo macho hivyo itapambana vyema na maradhi, lakini sivyo. Katika mlipuko wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, wenye unene uliokithiri walionekana kuugua vibaya zaidi na kufa zaidi, hali iliyojirudia katika UVIKO-19.

Pumu ndiyo inayonigusa zaidi. Wapo wengi, hasa wanawake wanene waliopata pumu ukubwani, ambao ugonjwa wao hautokani na mzio wa kawaida, na kwa hao dawa za steroidi, zinazotuliza mcharuko na kuvutwa kwa pampu, hufanya kazi pungufu. Isitoshe, mafuta ya tumboni hukisukuma juu kiwambo cha kupumulia, na njia ndogo za hewa hujifunga mapema. Mgonjwa wa namna hiyo anapolalamika kwamba dawa haimsaidii, si haki kumwambia kwamba hafuati maelekezo, wala kumrudisha nyumbani kwa neno moja tu, "punguza mwili", kabla ya kupimwa pumzi zake kwa kipimo cha spirometa.

Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 5 hadi 10 kwa mwenye kilo 100, mara nyingi huituliza pumu hata kama mtu bado ni mnene. Wakati huo wote pampu isiachwe bila ushauri wa daktari, maana kinga inayotoa, japo pungufu, ndiyo inayozuia shambulio la usiku.