Florosisi: meno ya kahawia yanatoka wapi

Florosisi ni ugonjwa wa meno na mifupa unaompata mtu aliyeingiza mwilini madini ya floraidi kwa wingi mno kwa muda mrefu, hasa kupitia maji ya kunywa. Ukikaa na watu waliozaliwa Ngarenanyuki, King'ori au Oldonyosambu, pembezoni mwa Mlima Meru mkoani Arusha, huhitaji daktari akuoneshe. Kuna wenye michirizi myeupe kama chaki kwenye meno ya mbele, kuna wenye madoa ya kahawia iliyokolea, na kuna wale ambao jino limeanza kumeguka na kuacha vishimo.

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni kwamba rangi ile si uchafu. Kijana wa Arumeru akienda kusoma mkoa mwingine huulizwa kama kwao hawapigi mswaki, naye huishia kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Wengine husugua meno kwa mkaa au mchanga hadi fizi zikatoka damu. Haisaidii kitu, kwa sababu doa halikuja juu ya jino. Limo ndani yake, na lilianza kuwekwa jino likiwa bado halijaota.

Meno ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa bado mchanga, na kazi hiyo huendelea hadi karibu umri wa miaka minane. Katika kipindi hicho floraidi ikizidi, lile tabaka gumu la nje la jino halikomai sawasawa: hubaki na vitundu vidogo, na jino likishaota vitundu hivyo hunasa rangi. Kwa hiyo jino la mbele linalochomoza mtoto akiwa na miaka saba linatoa taarifa ya maji aliyokunywa akiwa na miaka miwili. Meno ya utotoni huathirika kidogo tu, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Wanaona mtoto ana meno meupe, wanaamini kisima chao ni salama, na wanapokuja kugundua, umri wa kumkinga umeshapita.

Mtu aliyehamia Arusha akiwa mtu mzima hapati madoa hayo hata akinywa maji yaleyale. Mifupa yake, hata hivyo, inaendelea kukusanya floraidi mwaka hadi mwaka. Ikizidi sana, viungo hukakamaa, mgongo huuma na kuinama ni taabu. Kwa watoto wa maeneo yaliyoathirika zaidi, miguu inaweza kupinda. Hiyo ndiyo sura mbaya ya ugonjwa huu, na haina dawa ya kuurudisha mfupa ulivyokuwa.

Floraidi yenyewe imetoka mlimani. Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana madini hayo kwa wingi. Maji ya mvua yakipenya ardhini huyayeyusha na kuyabeba. Kalsiamu ingekuwa nyingi kwenye maji, ingeishika floraidi na kuituamisha, lakini maji mengi ya huku yana kalsiamu haba na sodiamu tele, hivyo floraidi hubaki humo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, baadhi yake yana mamia ya miligramu kwa lita. Chemchemi na visima hutofautiana sana, hata vilivyo jirani, kwa hiyo kipimo cha kisima cha mwenzako hakikuambii lolote kuhusu cha kwako. Tatizo hili limefuata Bonde la Ufa lote, kuanzia huku hadi Nakuru na Ethiopia.

Maji yenye floraidi huwa maangavu, hayanuki, wala hayana ladha ya kumshtua mtu. Kuyachemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ila floraidi haiendi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, kiwango chake kinapanda. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Ushauri wa afya tuliozoea kuusikia miaka yote, wa kuchemsha na kuchuja kwa kitambaa, ni mzuri kwa magonjwa mengine, na lazima watu waambiwe wazi kwamba kwa hili hautoshi.

Jikoni nako kuna magadi. Mpishi wa makande au kiburu huchukua kipande cha magadi, hukiloweka, maji yake huyamimina kwenye chungu ili maharage yaive haraka na kuni zisiishe. Magadi ya aina fulani yana floraidi nyingi, na watafiti wamekuta meno yenye florosisi hata kwa watoto wa vijiji ambavyo maji yake hayana tatizo kubwa. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza haja ya magadi.

Uhusiano wa floraidi na meno ulijulikana kwanza Marekani. Daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyachunguza madoa ya kahawia ya watu wa Colorado Springs mwaka 1901, na ilifika 1931 ndipo floraidi ikatambuliwa kuwa chanzo. Utafiti huohuo ndio ulioonesha kwamba ikiwa kidogo huzuia meno kuoza, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Hakuna mgongano hapo. Kinachodhuru ni wingi, na umri wa anayeipata.

Huku kwetu utafiti mkubwa umekuwa wa namna ya kuiondoa. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa joto kali na hewa kidogo, husagwa kuwa chembe nyeusi, kisha hupangwa ndani ya ndoo yenye bomba chini. Maji yakipita, madini ya mfupa hunasa floraidi. Tabia ile ile inayofanya floraidi ing'ang'anie mifupani mwetu ndiyo inayotumika kuitoa majini. Mifupa isipochomwa vizuri, maji hutoka na harufu na rangi, na mama aliyeyaonja mara moja hayarudii tena. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha naye alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali.

Ujuzi, basi, upo. Panapokwama ni baada ya mradi kuondoka. Mkaa wa mifupa huchoka, na ukishachoka maji hupita na floraidi yake huku yakionekana safi vilevile. Nyumbani hakuna awezaye kujua siku hiyo imefika bila kipimo. Nani atapima, nani ataleta mkaa mpya, na kwa pesa ya nani? Kwa maoni yangu, swali hilo lina uzito kuliko kubuni chujio jingine.

Hata kiwango cha kisheria kina historia yake. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwenye maji ya vijijini, baadaye 4, kabla ya kufikia 1.5. Miili ya watu wa Arumeru haikuwa migumu kuliko ya wengine. Sababu ni kwamba vijiji havikuwa na maji mengine, na kuvifunga visima kungeleta kiu na kuhara.

Kwa kuwa maji salama ni machache, yaanze kwa mtoto mdogo. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima kibaya, hivyo miezi sita ya kunyonya tu ni kinga kamili ya kipindi hicho. Hatari inaingia na uji. Ndoo moja ya maji ya mvua au yaliyochujwa, ikitengwa kwa uji, kupikia na kunywa kwa mtoto huyo hadi afikishe miaka minane, inatosha kumwokolea meno, wakati kufua, kuoga na kuosha vyombo kukiendelea na maji ya kisima.