Resini Haijui Sekunde

Mafundi wa printa za 3D hapa Dar es Salaam tunarithishana sekunde za kuangazia resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda kwa mwanga. "Hiyo weka nane," wa Sinza anamwambia wa Kariakoo, na anaweka nane. Kazi ikibanduka, resini inaitwa feki. Inaniuma kuona chupa nzima ikitupwa kwa kosa lisilo lake.

Dhana: kila resini ina sekunde zake.

Ukweli: resini hugandishwa na nishati inayoipata, yaani nguvu ya mwanga mara muda. Taa ya miliwati 2 kwa sentimita ya mraba ikiwaka sekunde 8 imetoa milijuli 16. Ya miliwati 4 inafika hapo kwa sekunde 4. Kutaja sekunde bila nguvu ya taa ni kutaja nauli bila kusema abiria anashuka wapi.

Dhana: ukizidisha muda mara mbili, unene wa resini iliyoganda nao unakuwa mara mbili.

Hii ndiyo inayotuharibia kazi nyingi zaidi. Mwanga hufifia kadiri unavyozama, kwa hiyo unene hufuata logi asilia (ln ya kikokotoo) ya nishati. Hesabu hiyo, aliyoieleza mtaalamu wa uchapishaji wa 3D Paul Jacobs mwaka 1992, ina namba mbili: kina ambacho mwanga hubaki kama asilimia 37, na nishati ndogo kabisa inayoanza kugandisha. Kina hicho kikiwa mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, kuzidisha muda mara mbili kunakuongezea mikroni 69 tu. Rangi hupunguza kina hicho, ndiyo maana resini nyeusi na ile angavu hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja.

Dhana: kupima kunahitaji maabara kubwa.

Weka kioo chembamba juu ya skrini ya printa, mimina resini kidogo, kisha angaza vipande kadhaa kwa muda tofauti. Osha kwa spiriti ya isopropili, pima unene kwa maikromita bila kukandamiza, maana vipande bado ni laini. Chora grafu ya unene dhidi ya logi asilia ya nishati. Mteremko wa mstari ndio kile kina. Unapokata unene sifuri ndiyo nishati ya kuanzia.

Programu ya simu ya kupima mwanga haifai. Inasoma laksi, kipimo cha mwanga unavyoonekana na jicho, na jicho karibu halioni kitu kwenye mwanga wa printa hizi, ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 405. Tafuta kipimamwanga cha nanomita hizo, kiweke juu ya kioo kilekile, kwa kuwa nacho hula mwanga. Na funga pazia: jua la Dar linagandisha tone kabla hujawasha mashine.